Kahawa ya mafuta ya nazi, kasimele, na mizani iliyogoma

Swali la safari hii limetoka Wete, Pemba. Aliyeuliza ni mama wa miaka 38 mwenye watoto wanne. Tangu Mfunguo Mosi ameacha wali, boflo, chapati, mbatata, muhogo na sukari. Alianza na kilo 91, wiki tatu za mwanzo akashuka hadi 86, kisha miezi miwili mizima mizani haikusogea, na wiki iliyopita ikapanda nusu kilo. Anaandika hivi:

"Assalaam alaykum dada. Nimeambiwa mafuta hayanenepeshi ukishaacha wanga, na kwamba mafuta ndiyo yanayochoma mafuta. Kwa hivyo asubuhi nakunywa kahawa na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, basi. Mchana nakula kipande cha samaki kwa mchuzi wa tui zito, wali siugusi. Jioni korosho, na samaki wa kukaanga akiwepo. Mchana sisikii njaa kabisa, lakini ikifika saa nne za usiku nageuka mtu mwengine, naweza kula hata kilichobaki chunguni. Hivi mafuta yananishibisha au yananinenepesha? Na mama yangu ana sukari, anataka tuwe pamoja katika jambo hili."

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Mafuta yanashibisha, lakini kidogo kuliko ulivyoambiwa, na siyo yaliyokuondolea njaa ya mchana. Mafuta hayo hayo, kwa namna unavyoyala, ndiyo yaliyoifunga mizani yako. Umeitoa sahani ya wali mlango wa mbele, ikarudi kwa mlango wa uani ikiwa ndani ya kikombe cha kahawa.

Tuzitazame kwanza zile kilo tano, maana ndizo zilizokufanya uamini kila ulichoambiwa baadaye. Mwili huweka akiba ya wanga ndani ya ini na misuli, inaitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja hukaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga, akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache na maji yake hutoka. Juu ya hayo, insulini, ile homoni inayosimamia sukari ya damu, ikishuka damuni figo huachia chumvi, na chumvi haitoki bila maji. Ndiyo maana siku zile za mwanzo uliamka usiku mara mbili tatu kwenda msalani, na sitashangaa ukiniambia kichwa kilikuuma. Basi katika zile tano, mbili au zaidi kidogo yalikuwa maji. Zilizobaki nakupa hongera nazo, zile ni mafuta kwelikweli. Na ile nusu kilo ya wiki iliyopita usiilie: sahani moja ya biriani ya harusini na glasi za maji zilizofuata zinatosha kuileta.

Sasa njaa. Ukila wanga kidogo sana, kwa kawaida chini ya gramu 50 kwa siku (kiasi cha bakuli dogo la wali), ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hutumia ketoni hizo badala ya sukari. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2013 jaribio lao la watu wazima 39 waliopunguza uzito wakiwa katika hali hiyo kwa wiki nane. Mtu akipungua, tumbo lake huongeza homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Mwili unadai chake. Kwa watu wale, maadamu ketoni zilikuwa juu, ghrelini haikupanda kama ilivyotarajiwa. Walipoanza kurudishiwa wanga, ikapanda. Kwa hivyo hukujidanganya, utulivu wako wa mchana una asili yake.

Lakini kuna kipande cha habari hiyo kinachorukwa na wanaouza chupa za mafuta mitandaoni. Mlo waliopewa watu wale ulikuwa wa kalori chache mno. Hapakuwa na mtu wa kumiminiwa mafuta kwenye kahawa. Ketoni zao zilitoka zaidi kwenye mafuta ya viuno na matumbo yao wenyewe. Ini halina habari kama tone la mafuta limetoka kwenye kijiko au limetoka nyongani kwako, linachoma lililofika. Ukilipa la kijiko kila asubuhi, la nyongani linabaki pale pale linangoja zamu yake.

Pengine utauliza: basi hii shauri ya kunywa mafuta imetoka wapi? Imetoka hospitali. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Mayo Clinic huko Marekani, Russell Wilder, alipendekeza mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo wapo watoto ambao dawa hazikuwatuliza na mlo huo unawasaidia. Kwa mtoto wa kifafa, mafuta ni dawa yenyewe. Madaktari wanataka ketoni zisikatike, na wanataka mtoto aendelee kukua, asikonde. Wewe lengo lako ni kukonda. Mtu ameichukua dozi ya ugonjwa mmoja akaipeleka kwenye haja nyengine.

Tuingie ndani ya tumbo kidogo, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Mafuta yakitoka kwenye tumbo la chakula na kugusa mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Kazi yake ya kwanza ni kukamua nyongo, ya pili ni kuliambia tumbo lisiharakishe kumwaga, ya tatu ni kuujulisha ubongo kwamba kuna kitu kizito kinakuja. Mafuta yakifika chini zaidi, sehemu ya mwisho ya utumbo huo hutoa homoni nyengine, mojawapo ni GLP-1, ile ambayo sindano za siku hizi za kupunguza uzito zimeiiga. Hiyo ni breki ya kweli, na ndiyo inayomfanya mtu akila mchuzi mzito ahisi chakula kimemkaa.

Breki hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, inachelewa. Kabla haijashika, kijiko kimeshakwenda mdomoni mara ishirini, na kwa chakula cha mafuta kila kijiko kimebeba mzigo mkubwa: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Ya pili, inazoeleka. Mtu anayekula mafuta mengi siku baada ya siku, tumbo lake huanza kuyapitisha haraka zaidi na ishara hupungua nguvu. Kwa hivyo kahawa iliyokuvusha mpaka adhuhuri wiki ya kwanza, leo si ajabu ikikufikisha saa nne tu.

Tumbo lenyewe halijui kuhesabu kalori. Linajua kutanuka. Mwaka 1995 watafiti wa Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza kwa saa mbili wameshiba vipi. Mkate mweupe ukapewa alama 100 ili vyengine vilinganishwe nao. Kilichoshika mkia ni ule mkate wa Kifaransa uliokandwa kwa siagi, alama 47. Samaki alipata 225. Na kilichoongoza vyote, alama 323, ni mbatata ya kuchemsha, hiyo hiyo uliyoifukuza nyumbani kwako. Mbatata ile ile ilipokaangwa ikaporomoka hadi 116. Kwa jumla, chakula kilivyozidi mafuta ndivyo kilivyopungua kushibisha kwa kalori zile zile, na kilivyozidi protini, nyuzinyuzi na maji ndivyo kilivyoshibisha.

Sikuambii urudi kwenye mbatata. Nakuambia samaki alikuwa wa pili katika orodha nzima, nawe unaishi kisiwani, na katika siku yako yote samaki umempa kipande kimoja.

Juzi kabla ya kukaa kukuandikia nilichukua nazi mbili za kawaida, nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna. Nyama ya nazi moja ikawa kama gramu 340, ya pili haikupishana nayo sana. Majedwali ya chakula yanasema nyama ya nazi mbichi ina gramu 33 za mafuta kwa kila gramu 100, kwa hivyo kila nazi ina mafuta kama gramu 112. Nikatia maji ya vuguvugu kidogo, nikakama, nikatoa kasimele, yaani lile tui zito la kwanza. Nikaiweka kwenye bakuli ndani ya friji mpaka asubuhi. Nilipoitoa, juu palikuwa na kifuniko cheupe, kigumu, kinapasuka ukikibonyeza na kijiko, na chini yake maji ya kijivu. Kile kifuniko ndicho unachokunywa. Ukikama kwa mkono huyapati yote, mengi hubaki kwenye chicha. Tuseme tumepata nusu. Nazi mbili basi zinatupa gramu kama 112 ndani ya chungu, yaani kalori 1,000.

Sasa angalia kinachotokea kwenye mkeka wenu. Nyumba ya watu sita, nazi mbili. Wenzako wanamwagia wali vijiko vitatu vinne vya mchuzi, ukasharabu, wakamaliza. Wewe wali huna, kwa hivyo mchuzi unaupakua kwenye bakuli na kuunywa kama supu. Hakuna aliyeiona hesabu hiyo ikigeuka. Mtu mmoja kati ya sita anaondoka na robo ya tui lote: kalori 250.

Tuijumlishe siku. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta kwenye kahawa, 240. Mchuzi, 250. Korosho: konzi moja ni gramu 30 hivi, kalori 165, na mtu aliyekaa barazani na wenzake hali konzi moja, kwa hivyo naandika mbili, 330. Mafuta aliyokunywa samaki wa kukaanga, tuseme 90. Jumla 910, na hapo samaki mwenyewe sijamgusa. Ulichokitoa, sahani mbili za wali uliopikwa, gramu 300 kila moja, ni kama 780. Boflo na sukari ulivyoacha ndivyo vinavyokushikilia usipande. Umefanya kazi kubwa ya kujinyima, kisha ukajilipa pale pale.

Hakuna uchawi wa kuacha wanga unaozibatilisha hesabu hizi. Insulini ikiwa chini, mafuta hutoka kwa urahisi kwenye ghala lake, ni kweli. Lakini mafuta unayokula hayahitaji insulini nyingi ili yaingie ghalani, na katika virutubisho vyote ndiyo yanayohifadhiwa kwa gharama ndogo kabisa. Kumeng'enya na kushughulikia protini hugharimu mwili asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake. Wanga asilimia 5 hadi 10. Mafuta hayazidi asilimia 3.

Utaniambia, na mbona fulani alikula hivyo hivyo akapungua kilo ishirini? Naamini. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, na wote waliambiwa wale mboga nyingi na chakula kisichopita kiwandani. Wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kinachonivutia mimi si wastani. Ndani ya kila kundi alikuwepo aliyepungua karibu kilo 30 na aliyeongezeka karibu 10. Fulani wako alikuwa wa ncha ile. Huenda alipoacha wanga aliacha na chipsi, kachori za urojo, mandazi na soda kwa mpigo mmoja, na hakuweka kitu mahali pake.

Lipo na jaribio la Kevin Hall wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, la mwaka 2021. Watu 20 walilazwa wodini kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula cha nyama na mafuta, asilimia kama 76 ya nishati ikitoka kwenye mafuta na 10 tu kwenye wanga. Wiki mbili nyengine chakula cha mimea, mafuta asilimia 10 na wanga 75. Kila mmoja ale mpaka atosheke. Kwenye chakula cha mimea walikula kalori kama 690 pungufu kila siku, na njaa waliyoieleza haikutofautiana. Kwa haki ya wenye keto, yaani mlo huu wa mafuta mengi na wanga kidogo, niseme pia kwamba wiki ya pili ya mafuta watu walianza kula kidogo zaidi kuliko wiki ya kwanza, na kwamba wiki mbili ni muda mfupi. Lakini habari ya kwamba mafuta mengi lazima yakate hamu ya kula, jaribio hili haliiungi mkono.

Kwa hivyo ule utulivu wako wa mchana naupa ketoni nusu. Nusu nyengine naipa kuacha vitu vitamu na vya ngano vinavyomfanya mtu ale bila njaa. Mafuta ya kahawa siyapi hata robo.

Na njaa ya saa nne usiku? Hiyo ina mwenyewe. Kipande kimoja cha samaki aliyepikwa, gramu 100, ni protini kama 22. Korosho konzi mbili, 11. Usiku samaki akiwepo, 20 nyengine, asipokuwepo, hamna. Una siku za protini gramu 33. Mwanamke wa kimo cha kawaida anayetaka kupunguza mafuta bila kupoteza misuli anahitaji kama 80 hadi 90. Wapo wataalamu wawili wa Sydney, Stephen Simpson na David Raubenheimer, ambao tangu mwaka 2005 wanashikilia kwamba mwili wa mwanadamu huendelea kudai chakula mpaka upate haki yake ya protini, na ukipewa vyengine utakula vyengine hivyo vingi mpaka protini itimie. Sisemi nadharia hiyo inaeleza kila kitu. Wewe inakueleza vizuri sana. Saa nne usiku mwili wako unadai samaki, na wewe unaupa kilichobaki chunguni.

Ningekuwa jikoni kwako kesho, ningeanza na asubuhi. Kahawa ibaki kahawa, chungu, bila mafuta. Mayai mawili au matatu kwa mchicha uliokaangwa na kijiko kidogo cha mafuta, au samaki aliyebaki jana. Najua samaki wa jana asubuhi mtu humwona kama chakula cha paka, lakini kipashe na ndimu na pilipili kisha uniambie.

Mchana samaki awe wa gramu 150 hadi 200, yaani kipande mara mbili ya unachopakua sasa, kimefunika kiganja chako na vidole kidogo. Tui lako liwe tui la pili. Kasimele iwahi kutolewa kwa wenye wali, au iwekwe kwa samaki wa kupaka wa Ijumaa, na hapo pia uile kama kitu kilichopakwa juu ya samaki, bakuli la kunywa lisiwepo. Pembeni weka mtoriro, kisamvu, bamia au biringani, nusu ya sahani nzima. Majani haya ndiyo yanayolitanua tumbo ambalo wali ulikuwa ukilitanua. Umeuondoa wali ukaacha shimo, na shimo hilo umekuwa ukilijaza tui.

Pweza, kama mnapata, ni zawadi ambayo sioni watu wa kupunguza uzito wakiitumia ipasavyo. Gramu 100 za pweza aliyechemshwa zina protini karibu 30 na mafuta gramu 2 tu, na kutafuna kwake kunachukua muda, jambo linaloipa ile breki ya utumbo nafasi ya kushika. Supu yake na ndimu, bila tui, jioni kabla ya Isha, na saa nne haitakuja na vurugu.

Korosho zipime kwa kikombe kidogo cha kahawa, kimoja, kisha mfuko ufungwe na urudishwe kabatini kabla hujakaa. Mkononi barazani hazina mwisho. Samaki mchome juu ya makaa mara nyingi kuliko kumkaanga, na mafuta ya dumu yanayorudiwa mara tatu nne yamwage, hata kama roho inauma.

Usiyakate mafuta yote lakini. Vitamini A, D, E na K hazichukuliwi na mwili bila mafuta, na mtu anayepungua haraka huku hali mafuta kabisa hujiweka karibu na mawe ya nyongo. Chakula kisicho na mafuta hakiliki pia, na mlo usiolika hauvuki wiki mbili. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia kwa siku nzima katika sahani yako, pamoja na ya samaki mwenyewe, vinakutosha. Mengine mwili utayatoa ghalani, ndiyo kazi tuliyoutaka uifanye.

Kuhusu aina ya mafuta nitasema kidogo, kwa kuwa uzito hautofautishi sana: kalori 9 ni 9, yawe ya nazi, ya alizeti au samli. Moyo ndio unaotofautisha. Chupa ya mafuta ya nazi ukiitazama alfajiri za kipupwe utaikuta imeanza kuganda. Asilimia kama 90 ya mafuta yake ni ya jamii hiyo inayoganda, na hiyo hupandisha lehemu mbaya ya damu, LDL, kuliko mafuta ya majimaji kama ya alizeti. Shirika la Afya Duniani linashauri jamii hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Zile sifa za mafuta ya "minyororo ya kati" kwamba huchomeka upesi zilipatikana kwa mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Katika mafuta ya nazi sehemu hiyo ni ndogo, na karibu nusu ni asidi ya loriki ambayo utumbo huishughulikia kwa kiasi kikubwa kama mafuta ya kawaida. Vibua, dagaa na jodari wana mafuta ya omega-3, nayo ni ya majimaji. Wale bila wasiwasi. Na kwa vile umekuwa ukinywa mafuta ya nazi miezi hii, nenda kapime LDL. Wapo watu ambao kwa mlo huu hupanda vibaya wasijue.

Najua mtu atakujibu kwamba bibi zetu walikula nazi kila siku na hawakunenepa. Walikula, na walikwenda konde kwa miguu, wakachuma karafuu, wakatwanga, wakachota maji. Hakuna hata mmoja aliyeyatia kwenye kahawa.

Kama wali unakuliza, na kwetu mtu asiyekula wali huulizwa kama ana homa, mimi sikulazimishi. Matokeo ya Stanford yanakupa uhuru huo. Kikombe kimoja cha wali mchana, mweupe, usiotiwa nazi, na samaki mkubwa na majani mengi, unaweza kupungua nacho. Utakachopoteza ni ketoni, na pamoja nazo sehemu ya ule utulivu wa njaa. Wengine wanaona bora wali, wengine bora utulivu. Ambalo silishauri ni kula vyote viwili, wali na kasimele, ukijihesabu bado uko kwenye mlo.

Mizani pima mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi kabla ya kahawa, na kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani. Nipe wiki sita. Na kama unanyonyesha, hukuniambia, usiendelee kukata wanga kwa kiwango hiki. Asidi ya damu inaweza kupanda kwa mama anayenyonyesha na ikamlaza.

Nimemweka mama mwisho kwa sababu kwake nataka uwe mkali. Asianze kesho. Mlo wa wanga kidogo unaweza kumfaa sana mwenye sukari, lakini dawa zake zimepimwa kwa wali anaokula leo. Kama anatumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi au gliklazidi, akiacha wanga ghafla sukari inaweza kushuka akazimia, na usiku ndiyo hatari zaidi. Kama anatumia dawa za kundi la dapagliflozini au empagliflozini, zile zinazotoa sukari kwa mkojo, wanga ukikatwa sana damu inaweza kujaa asidi huku mashine ya kidole ikionyesha sukari ya kawaida. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, pumzi za haraka na tumbo kuuma. Metformini peke yake haina tatizo hilo la kushusha. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa, kwa ile chumvi na maji tuliyoyataja mwanzo. Na figo zake zipimwe kabla hujamwongezea samaki kama nilivyokuongezea wewe.

Chukua maboksi yote ya dawa zake, hata zile anazodhani si muhimu, uyatie kwenye mfuko, uende naye kliniki ya sukari. Mwambie daktari hivi hivi: mama anataka kupunguza wali kwa nusu, je, dozi ipi ishuke na lini? Mpaka jibu lipatikane, mpunguzie sukari ya chai na umpikie mchuzi wa tui la pili. Hivyo viwili havihitaji ruhusa ya mtu.